Ugonjwa wa Barth: moyo unapokosa fundi wa mafuta yake

Ugonjwa wa Barth ni maradhi adimu ya kurithi yanayodhoofisha misuli ya moyo na ya viungo, na kupunguza chembe nyeupe za damu zinazopigana na bakteria. Karibu wote wanaougua ni wavulana na wanaume, na mara nyingi dalili hujitokeza kabla mtoto hajatimiza mwaka. Makadirio yanayotumiwa sana ni mtoto mmoja katika kila vizazi hai 300,000 hadi 400,000. Wagonjwa wanaojulikana duniani ni mamia machache tu. Chanzo ni hitilafu katika jeni moja inayosimamia ukarabati wa aina moja ya mafuta ndani ya mitokondria, yaani vinu vidogo vya nishati vilivyomo katika seli. Mafuta hayo yasipokarabatiwa, mitokondria hupata chakula na oksijeni kama kawaida, lakini kuta zake hulegea, na nishati inayotoka haikidhi mahitaji ya moyo.

Ukoo mmoja wa Uholanzi

Mwaka 1983 daktari wa mishipa ya fahamu ya watoto, Peter Barth wa Amsterdam, pamoja na wenzake, walichapisha taarifa kuhusu ukoo mkubwa wa Kiholanzi ambamo wavulana walikuwa wakifa wachanga kizazi baada ya kizazi. Baadhi yao walikufa kwa moyo kushindwa kufanya kazi, wengine kwa maambukizi ya bakteria ambayo mtoto mwenye kinga nzuri angeyashinda. Dada zao hawakuugua. Chini ya hadubini, mitokondria za misuli ya wagonjwa zilionekana kuwa na umbo lisilo la kawaida. Kwa kuwa ugonjwa uliwapata wavulana na ulipitia kwa mama zao waliokuwa wazima, ilionekana wazi kwamba jeni yenye kasoro iko kwenye kromosomu X.

Mwaka 1991 Richard Kelley na wenzake nchini Marekani walieleza jambo jingine: mkojo wa wavulana wenye ugonjwa huu una kiwango kikubwa cha asidi ya 3-methiliglutakoniki. Kwa mara ya kwanza madaktari walipata alama ya kikemikali waliyoweza kuipima. Miaka mitano baadaye, mwaka 1996, Silvia Bione, Daniela Toniolo na wenzao mjini Pavia, Italia, waliipata jeni yenyewe karibu na ncha ya kromosomu X. Protini yake waliiita tafazini, kutokana na Tafazzi, mhusika wa vichekesho vya televisheni ya Italia aliyekuwa akijipiga mwenyewe kwa chupa ya plastiki.

Jina lilipatikana kabla kazi ya protini hiyo haijajulikana. Mwaka 1997 ilibainika kwamba mpangilio wake unafanana na ule wa vimeng'enya vinavyohamisha mikia ya mafuta kutoka molekuli moja hadi nyingine. Mwaka 2000 Peter Vreken na wenzake mjini Amsterdam walizichunguza seli za ngozi za wagonjwa na kukuta kwamba mafuta yaitwayo kadiolipini ni machache na hayakarabatiwi ipasavyo. Tangu hapo utafiti wa ugonjwa wa Barth umekuwa pia utafiti wa kadiolipini.

Mafuta ya moyo wa ng'ombe

Kadiolipini ilijulikana zamani, kwa sababu nyingine kabisa. Mapema katika miaka ya 1940, Mary Pangborn, mkemia katika maabara ya idara ya afya ya jimbo la New York, aliitenga kutoka moyo wa ng'ombe. Damu ya mtu mwenye kaswende huwa na kingamwili zinazoshikana na mafuta hayo, na ugunduzi wake ukawezesha kutengenezwa kwa vipimo vya kaswende vilivyo thabiti zaidi. Kipimo cha VDRL, kinachojulikana sana katika kliniki za wajawazito za Afrika Mashariki, kinatumia kadiolipini. Hivyo kwa miongo mingi mafuta haya yalitumika kupima ugonjwa mmoja bila kufahamika vizuri yanafanya nini ndani ya moyo yalikotolewa.

Moyo wa mtu mzima hupiga takriban mara 100,000 kwa siku bila kupumzika, na mitokondria huchukua karibu theluthi moja ya ujazo wa seli zake za misuli. Kila mitokondria ina tando mbili. Utando wa nje umenyooka. Wa ndani umekunjwakunjwa ili eneo kubwa lienee katika nafasi ndogo. Juu ya mikunjo hiyo ndipo protini zinapopokezana elektroni zinazotoka kwenye chakula, hadi kwenye oksijeni, na nguvu inayopatikana hutumika kutengeneza ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli.

Kadiolipini ni takriban sehemu moja ya tano ya mafuta ya utando huo wa ndani. Mafuta mengi ya tando za mwili yana kichwa kimoja na mikia miwili. Kadiolipini ina mikia minne chini ya kichwa kimoja kidogo. Kwa hiyo umbo lake ni jembamba juu na pana chini, mfano wa matofali yaliyochongwa kwa ajili ya kuta za kisima cha mviringo: yakipangwa pamoja, ukuta hujipinda wenyewe. Kadiolipini husaidia mikunjo ya mitokondria kupata umbo lake, na huzishikilia protini za mnyororo wa elektroni zikae karibu karibu, katika makundi yanayofanya kazi pamoja.

Mikia hiyo nayo si ya aina moja tu. Kadiolipini inapotoka kutengenezwa huwa na mikia ya mchanganyiko. Katika moyo, sehemu kubwa yake hubadilishwa hadi mikia yote minne iwe ya asidi ya linoleiki, asidi inayopatikana kwa wingi katika mafuta ya alizeti na ya mahindi. Kazi ya kubadilisha ni ya tafazini. Ni kama nguo ya mtumba inayopelekwa kwa fundi: imekwisha kushonwa, lakini haijamkaa mvaaji mpaka irekebishwe.

Tafazini ikikosekana, mambo matatu hutokea kwa pamoja. Kiasi cha kadiolipini iliyokomaa hushuka. Kinachobaki huwa na mikia isiyofaa. Na aina yenye mikia mitatu tu, iitwayo monolisokadiolipini, hulundikana. Mikunjo hulegea au hupotea, makundi ya protini huachana, elektroni huvuja na kuzalisha chembe haribifu za oksijeni. Viungo vinavyotumia nishati nyingi ndivyo vinavyoumia kwanza, na hakuna kinachozidi moyo.

Dalili na mwendo wake

Wagonjwa wengi hutambuliwa kuwa na maradhi ya misuli ya moyo katika mwaka wa kwanza. Mtoto hupumua kwa shida, hutoka jasho anaponyonya, hachangamki na haongezeki uzito. Mara nyingi moyo huwa umetanuka na hausukumi damu vizuri. Kwa wengine kuta zake huwa nene kupita kiasi, au upande wa ndani wa chumba kikubwa cha kushoto hubaki na matundumatundu kama sifongo, kana kwamba msuli haukumaliza kushikana wakati mimba ilipokuwa ikikua. Moyo uleule unaweza kubadilika: kuzorota utotoni, kupata nafuu kwa miaka kadhaa, kisha kurudi nyuma. Katika ujana na utu uzima huongezeka hatari ya mapigo kwenda mrama ghafla.

Ugonjwa unaweza kuua hata kabla ya kuzaliwa. Mwaka 2010 timu ya watafiti iliyoongozwa na Colin Steward wa Bristol, Uingereza, ilieleza kuhusu familia ambazo zilikuwa zimepoteza mimba za watoto wa kiume au kuzaa watoto wa kiume waliokwisha kufa, na baadaye ikagundulika kwamba chanzo ni ugonjwa wa Barth. Katika familia za namna hiyo, vifo vya wavulana vinaweza kuhesabiwa kama misiba isiyohusiana, kila mmoja na sababu yake, mpaka mtu aipange historia ya ukoo mzima.

Misuli ya viungo huwa michovu. Mtoto huchelewa kutembea, hupanda ngazi kwa shida, na hushindwa kwenda sambamba na wenzake mchezoni. Tatizo si moyo peke yake: hata damu ikifika, misuli haiwezi kuitumia oksijeni kikamilifu. Uchovu unaweza kumfanya kijana alale sehemu kubwa ya siku baada ya kazi ambayo kwa mwingine ni ndogo.

Chembe nyeupe aina ya neutrofili hupungua, kwa baadhi mfululizo, kwa wengine kwa vipindi. Matokeo yake ni vidonda vya mdomoni, majipu, na wakati mwingine bakteria kuenea katika damu nzima. Kwa kuwa upungufu huja na kuondoka, kipimo kimoja cha damu kilicho sawa hakitoshi kuuondoa ugonjwa huu katika orodha ya daktari.

Wavulana wengi wenye ugonjwa huu huwa wafupi na wembamba hadi ujana, kisha hurefuka kwa kasi wakiwa wamechelewa kuliko wenzao. Sukari ya damu inaweza kushuka mtoto akikaa muda mrefu bila kula, hasa usiku au akiwa na homa na kutapika.

Njia ya urithi

Watu wengi waliosoma habari za mitokondria wanajua kwamba zina vinasaba vyake vyenyewe, jeni 37 tu, vinavyotoka kwa mama. Ni rahisi basi kudhani kwamba kila ugonjwa wa mitokondria hurithiwa kwa njia hiyo. Sivyo. Mitokondria hutumia protini zaidi ya elfu moja, na karibu zote huandikwa na jeni zilizo katika kiini cha seli. Jeni ya tafazini ni mojawapo.

Tofauti ina uzito kwa familia. Kasoro ikiwa katika vinasaba vya mitokondria, mama anaweza kuipitisha kwa watoto wake wote, wa kike na wa kiume. Katika ugonjwa wa Barth, mama mbebaji ana kromosomu X mbili, moja nzima na moja yenye kasoro. Kila mtoto wa kiume anayemzaa ana nafasi sawa ya kuugua au kusalimika, na kila binti ana nafasi sawa ya kuwa mbebaji au kutokuwa. Mwanamume mgonjwa akipata watoto, binti zake wote huwa wabebaji, na wanawe wa kiume husalimika kwa sababu hupokea kromosomu Y kutoka kwake. Wabebaji kwa kawaida hawaugui. Wanawake wenye dalili ni nadra mno. Zipo pia familia ambamo kasoro imezuka upya kwa mtoto, bila mama kuwa nayo.

Jinsi ya kuutambua

Mashaka huanza pale mvulana anapokuwa na moyo dhaifu usio na maelezo, hasa pakiwa na upungufu wa neutrofili, udhaifu wa misuli au historia ya vifo vya wavulana upande wa mama. Kipimo cha mkojo kinaweza kuonyesha asidi ya 3-methiliglutakoniki, lakini kiwango chake hupanda na kushuka, na kwa wachache huwa cha kawaida. Kipimo cha uhakika zaidi hulinganisha kiasi cha monolisokadiolipini na kadiolipini katika damu: uwiano huo ukiwa juu sana, ugonjwa wa Barth unakuwa karibu dhahiri. Uwiano huweza kupimwa hata kwenye tone la damu lililokaushwa juu ya karatasi, mbinu ileile inayotumika kuwapima watoto wachanga VVU, na karatasi hiyo inaweza kusafirishwa hadi maabara ya mbali. Kusoma jeni ya tafazini huthibitisha, na huwezesha ndugu wa kike kujua kama ni wabebaji.

Kutoka hamira hadi moyo wa maabara

Wagonjwa wakiwa wachache hivi, utafiti ulilazimika kuanza na viumbe vingine. Hamira iliyonyimwa jeni inayofanana na ya tafazini ilionyesha upungufu uleule wa kadiolipini na mitokondria hafifu. Mwaka 2006 watafiti wa New York, akiwemo Michael Schlame na Mindong Ren, walionyesha kwamba nzi wa matunda wasio na tafazini wanashindwa kuruka na kupanda kama wenzao. Mwaka huohuo samaki wadogo wa mistari wanaotumika maabarani walionekana kupata moyo usiokua vizuri jeni hiyo ilipozimwa.

Nzi walitoa fundisho jingine mwaka 2009. Madume wasio na tafazini ni tasa. Watafiti walipoondoa pia kimeng'enya kinachokata mikia ya kadiolipini, monolisokadiolipini haikulundikana tena na uwezo wa kuzaa ukarudi. Ilidhihirika kwamba hali ya fundi kukosekana inaweza kupunguzwa makali kwa kumzuia anayeifumua nguo.

Kuanzia mwaka 2010 walipatikana panya ambao jeni yao ya tafazini hupunguzwa nguvu kwa dawa inayowekwa katika chakula au maji. Hatua kubwa zaidi ilitangazwa mwaka 2014 na timu ya William Pu na Kevin Kit Parker mjini Boston. Walichukua seli za ngozi za wagonjwa, wakazirudisha katika hali ya seli shina, kisha wakazikuza ziwe seli za misuli ya moyo na kuzipanga katika utepe mwembamba unaodunda kama msuli halisi. Utepe uliotokana na wagonjwa ulivuta kwa udhaifu. Ulipopewa maelekezo ya kijeni ya kutengeneza tafazini, nguvu ilirejea. Na ulipopewa kemikali inayozima chembe haribifu za oksijeni, nguvu iliongezeka vilevile. Jaribio hilo lilionyesha kwamba udhaifu hautokani na uhaba wa ATP pekee, na kwamba seli iliyokwisha dhoofika inaweza kurekebishwa.

Tiba iliyopo na inayotafutwa

Kwa miaka mingi matibabu yalilenga dalili. Moyo husaidiwa kwa dawa za kawaida za moyo ulioshindwa kazi. Mapigo yakiwa ya hatari, kifaa cha kuustua moyo hupandikizwa kifuani. Na moyo ukizorota kabisa, wagonjwa wengine hupandikizwa moyo mwingine. Upungufu wa neutrofili hutibiwa kwa sindano zinazochochea uboho kuzitengeneza, pamoja na antibiotiki za kinga. Wanga mbichi wa mahindi unaopewa mtoto kabla ya kulala huachia sukari polepole usiku kucha. Utambuzi wa mapema na uangalizi wa namna hii vimeongeza sana idadi ya wavulana wanaofikia utu uzima.

Dawa inayogusa kadiolipini yenyewe ilitokea mahali pasipotarajiwa. Hazel Szeto wa chuo kikuu cha Cornell na Peter Schiller wa Montreal walikuwa wakichunguza molekuli fupi za protini zinazohusiana na dawa za maumivu, wakagundua kwamba baadhi yake hukimbilia kwenye mitokondria. Moja yao, yenye asidi amino nne tu, ilikuja kuitwa elamipretaidi. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa inazima chembe haribifu. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba hushikana na kadiolipini na kuutuliza utando wa ndani.

Majaribio kwa wagonjwa wa Barth yalifanyika katika chuo kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore yakiwa na watu 12 pekee. Kila mmoja alipata sindano ya dawa kila siku kwa wiki 12, na sindano isiyo na dawa kwa wiki 12 nyingine, bila kujua ipi ni ipi. Katika awamu hiyo hapakuwa na tofauti ya maana katika umbali ambao mgonjwa anatembea kwa dakika sita. Awamu ya pili ilifuata, wote wakijua wanapewa dawa. Katika wiki ya 36, wale wanane waliokuwa bado kwenye jaribio walitembea wastani wa mita 95.9 zaidi ya pale walipoanzia, na misuli ya magoti ilikuwa na nguvu zaidi.

Matokeo hayo yaliwagawa wataalamu. Upande mmoja, mtu anayejua kwamba anapewa dawa anaweza kujitahidi zaidi katika kipimo cha kutembea, na awamu ambayo wote wanajua wanachopewa haiwezi kulitenganisha hilo na nguvu ya dawa. Upande mwingine, mitokondria zilizoharibika miaka mingi huenda zinahitaji muda unaozidi wiki 12, na kukusanya mamia ya wagonjwa kwa jaribio la kawaida haiwezekani. Mwezi Oktoba 2024 jopo la washauri wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, lilipiga kura 10 kwa 6 kuunga mkono dawa hiyo. Mei 2025 mamlaka ilikataa kuiidhinisha kwa ushahidi uliokuwepo. Tarehe 19 Septemba 2025 ikaikubali kwa utaratibu wa haraka, kwa jina la Forzinity, ikizingatia ongezeko la nguvu za misuli ya goti, na kwa sharti kwamba utafiti zaidi uthibitishe faida yake. Ni dawa ya kwanza kuidhinishwa kwa ugonjwa wa Barth.

Idhini hiyo ni kwa wagonjwa wenye uzito usiopungua kilo 30. Kwa hiyo inawaacha nje watoto wachanga, ambao ndio wanaokabiliwa na hatari kubwa zaidi ya kufa.

Njia ya pili ni kurudisha jeni yenyewe. Nchini Marekani, timu ya Christina Pacak na ile ya William Pu zimetumia virusi visivyodhuru kubeba jeni nzima hadi kwenye moyo na misuli ya panya. Katika kazi ya Boston iliyochapishwa mwaka 2020, panya waliopewa jeni mapema hawakupata udhaifu wa moyo, na waliokwisha kuupata walipata nafuu. Nafuu ya kudumu ilihitaji jeni ifike katika sehemu kubwa ya seli za moyo. Kwa binadamu hilo linamaanisha kipimo kikubwa cha virusi, na vipimo vikubwa vya namna hiyo vimewahi kuleta madhara ya ini na ya kinga katika tiba za magonjwa mengine.

Kadiolipini hupungua pia katika moyo ulioshindwa kwa sababu za kawaida, na ndiyo maana ugonjwa huu adimu unafuatwa kwa karibu na wanaotafiti magonjwa ya moyo kwa ujumla. Hata hivyo, elamipretaidi ilipojaribiwa kwa watu wenye moyo ulioshindwa na kwa wenye magonjwa mengine ya misuli ya mitokondria, haikufikia malengo makuu ya majaribio hayo. Katika magonjwa hayo upungufu wa kadiolipini ni tatizo moja kati ya mengi. Katika ugonjwa wa Barth ndio mzizi, na hapo ndipo itakapoonekana kama kuutengeneza utando kunatosha kuuponya moyo.